Kutafuta Ruzuku kwa Ajili ya Vyama Vyetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo linalotajwa mara nyingi katika mikutano yetu pasipo kuelezwa. Mwanachama mmoja husimama akasema kwamba yafaa tuwe na chumba cha kusomea, au tusaidie karo ya watoto wa wenzetu waliofariki. Wa pili husimama akasema, "Tutafute wafadhili," na wote hupiga makofi. Kisha mkutano hufungwa. Mfadhili huyo ni nani, yuko wapi, atoa fedha kwa kusudi gani, na kwa nini atupe sisi asiwape wengine, hayo hayaulizwi. Leo nataka tuyaulize, maana wengi wetu ni waandishi na waweka hazina wa vyama vidogo huko mitaani na makanisani na misikitini, na kazi hii yatuangukia sisi.

Kwanza tujue maana ya neno. Ruzuku ni fedha itolewayo kwa ajili ya kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, nayo hairudishwi. Si mkopo. Zile fedha za halmashauri za wilaya na miji, yaani asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ambayo sheria yaagiza itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hazina riba lakini ni mikopo, na mkopo hulipwa. Wala ruzuku si sadaka, maana atoaye sadaka haulizi habari zake tena. Mkopo hurudishwa kwa fedha. Ruzuku hurudishwa kwa kazi iliyofanyika na hesabu zilizo safi. Asiyeweza kurudisha hivyo viwili asiiombe.

Pili, tutazame jinsi watoaji wakubwa walivyofikiri tangu zamani. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, pamoja na Carnegie Corporation aliyoianzisha New York mwaka 1911, walitoa fedha za kujengea maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Lakini mji uliotaka maktaba ulipaswa kutoa kiwanja wenyewe, na kuahidi kwamba kila mwaka utatoa kwa matunzo kadiri ya sehemu ya kumi ya gharama ya jengo. Mji uliopewa dola 10,000 uliahidi dola 1,000 kila mwaka. Hapo twaona kwamba swali la kwanza la mtoaji halikuwa, "Mna shida gani?" Shida kila mtu anayo. Swali lake lilikuwa, "Ninyi wenyewe mtaleta nini, na mimi nikiondoka nani ataitunza?"

Tutazame na mfano wa karibu. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyoitwa Jeanes School, kwa msaada wa hiyo Carnegie Corporation. Jina hilo lilitoka kwa Anna T. Jeanes wa Philadelphia, mwanamke aliyetoa dola milioni 1 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kazi ya Kabete ilikuwa kuwafundisha walimu Waafrika watakaozunguka kuzisaidia shule za vijiji. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa Marekani, na kwa hiyo mtoaji alijua analipia nini. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha utawala, Kenya Institute of Administration, na leo ndipo ilipo Kenya School of Government, ambako watumishi wa Serikali wa nchi ile hupata mafunzo. Fedha za kwanza zilikwisha zamani, bali kazi ya kufundisha haikukoma, kwa sababu walipatikana wenyeji wa kuichukua. Ruzuku njema ni kama kuni za kuwashia moto. Moto ukiisha kuwaka, sharti mwenye nyumba awe na kuni zake.

Sasa nije kwenye swali la wapi pa kutafuta. Nitataja milango michache, nanyi mkumbuke kwamba kila mlango hupitisha watu wa namna yake.

Mlango wa kwanza uko hapa hapa Tanzania. Foundation for Civil Society, yenye ofisi Dar es Salaam, imekuwa ikitoa ruzuku kwa vyama vya wananchi tangu mwaka 2003. Yafaa kuanza hapo, maana matangazo yao huwahusu watu wa nchi hii, na masharti yao yamewekwa na watu wajuao hali ya vyama vyetu.

Wa pili ni balozi za nchi za kigeni. Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada ya kazi za wananchi wa chini, ambao hasa hulipia majengo na vyombo, kama madarasa, zahanati na visima. Haulipi mishahara wala matumizi ya kila siku. Ubalozi wa Kanada una mfuko wa kazi ndogo za wenyeji, na kwa miaka mingi ruzuku zake nyingi zimekuwa kati ya dola za Kanada 15,000 na 30,000. Kwa kawaida mfuko huo hutangazwa mara moja kwa mwaka, pamoja na mambo ambayo mwaka huo unayataka.

Wa tatu ni mifuko ya jumuiya za mataifa na ya bara letu. Commonwealth Foundation ya London, iliyoundwa na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola mwaka 1965, hushughulika na sauti za raia katika mambo ya utawala. Chama kinachotaka bati za kuezekea kisibishe hodi huko. African Women's Development Fund, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye makao Accra, huvisaidia vyama vinavyoongozwa na wanawake wa Afrika. Umoja wa Ulaya hutoa fedha nyingi, lakini mara nyingi humtaka mwombaji achangie sehemu ya gharama, na hesabu zake ni kubwa kupita nguvu za chama kidogo. Njia yetu huko ni kuungana na chama kikubwa ambacho kimeruhusiwa kugawa sehemu ya ruzuku yake kwa vyama vidogo.

Mlango wa nne ni mifuko ya hisani ya watu binafsi na matajiri, hasa ya Marekani na Uingereza. Hii ni mingi mno, na hapa ndipo watu wengi wapotezapo wakati, kwa kupeleka barua moja hiyo hiyo kwa mifuko mia. Lakini kuna njia ya karani, nami naomba mnisikilize vema. Sheria ya Marekani huulazimisha kila mfuko binafsi wa hisani kupeleka kila mwaka kwa idara ya kodi fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo yaweza kusomwa na mtu yeyote. Ndani yake huandikwa mali ya mfuko, majina ya wakurugenzi, na orodha ya vyama vilivyopewa fedha mwaka huo: jina, kiasi, na kusudi. Tena sheria huitaka mifuko hiyo itumie kwa hisani kila mwaka kadiri ya asilimia 5 ya thamani ya mali yake. Fomu hizo husomwa bure katika intaneti, na shirika liitwalo Candid, lililotokea mwaka 2019 kwa kuungana Foundation Center na GuideStar, hukusanya habari zake. Huko Uingereza, daftari la Charity Commission liko wazi vivyo hivyo, nalo lina hesabu za mifuko ya England na Wales.

Basi kabla ya kumwandikia mtoaji, msome. Tangazo lake litakuambia mambo anayoyapenda. Orodha ya aliowapa itakuambia mambo anayoyafanya. Ukiona kwamba kwa miaka mitatu mfuuatano hakutoa hata dola moja nje ya Marekani, funga fomu utafute mwingine. Ukiona kwamba alivipa vyama vitano vya Afrika Mashariki, na kila kimoja kilipata dola 8,000, usimwombe dola 80,000. Na mkiona kwamba mifuko ya Marekani huuliza maswali mengi na kudai karatasi nyingi, msidhani ni dharau. Sheria yao huwataka wahakikishe kwamba fedha iliyokwenda ng'ambo imetumika kwa hisani, na hizo karatasi ndizo kinga yao.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na bahati pia ni hivyo. Nashauri kila chama kiwe na Daftari la Ruzuku, lenye safu nane: jina la mtoaji; kazi anazozilipia; nchi anazozisaidia; nani aruhusiwa kuomba; kiasi cha chini na cha juu; siku ya mwisho; karatasi zinazotakiwa; na jibu tulilopata pamoja na tarehe yake. Daftari hilo lifunguliwe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na watu wawili, si mmoja, ili mmoja akihamishwa kituo kazi isife. Sisi watumishi twajua vizuri jinsi uhamisho unavyoua vyama. Tena kazi hiyo ifanywe nyumbani au ofisini mwa chama, kwa karatasi zetu na saa zetu. Karatasi na mashine za Serikali si mali ya chama.

Tangazo likipatikana, lisomwe kama tusomavyo waraka wa Serikali, neno kwa neno. Anza na sehemu isemayo nani haruhusiwi, maana hiyo hukuokolea siku nyingi. Tazama siku ya mwisho, na saa yake, na saa hiyo ni ya mji gani. Tangazo la Brussels likisema saa sita mchana ya huko, kwetu ni saa saba wakati wa kiangazi chao, na saa nane wakati wa baridi yao. Saa sita mchana ya Washington ni saa moja jioni yetu au saa mbili usiku. Walakini mwenye busara hangoji saa hiyo, kwa maana umeme hukatika na mtandao huelemewa.

Halafu tuwe na karatasi tayari kabla ya tangazo, si baada yake: hati ya kuandikishwa, katiba, majina ya viongozi, kumbukumbu za mikutano, hesabu zilizokaguliwa, na barua ya benki kuonyesha kwamba fedha haitoki kwa sahihi ya mtu mmoja. Vyama vilivyoandikishwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hupaswa kupeleka kwa Msajili taarifa ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza kwamba shirika lipatalo zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze hadharani fedha hizo na zilikotoka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Tupate kwanza, mambo ya Msajili tutayatazama baadaye."

Katika kuandika ombi lenyewe, maneno makubwa hayana kazi. Ukurasa mmoja watosha kusema sisi ni nani, shida ni ipi na ni ya nani, tutafanya nini, itagharimu kiasi gani, sisi twaleta nini, na mtu ataonaje kwamba kazi imekwisha. Hesabu ziwe za kuhesabika. Aandikaye "Samani, shilingi 3,000,000" hajasema kitu. Aandikaye meza 6 kwa shilingi 150,000 kila moja, viti 40 kwa shilingi 35,000, na makabati 2 kwa shilingi 350,000, amefika kwenye shilingi 3,000,000 zile zile, lakini msomaji ameiona nyumba na watu walioketi ndani yake.

Tujihadhari pia na walaghai. Watu hutuma barua kwamba chama kimechaguliwa kupewa maelfu ya dola, ila kilipe kwanza ada kidogo ya kufungulia faili. Mtoaji wa kweli hadai malipo ili akupe ruzuku, wala hampi mtu asiyemwomba na asiyemjua. Barua ya namna hiyo isijibiwe.

Mabibi na Mabwana, hayo yote ni kazi ya mikono, na makarani wenye bidii wataiweza. Sasa nataka kusema juu ya jambo lililo zito zaidi, nalo ni hatari ya kupata.

Tuchukue mfano wa chama kilichoundwa kwa ajili ya chumba cha kusomea. Mwandishi wake aona tangazo la ruzuku ya ufugaji wa nyuki. Asema moyoni, "Fedha ni fedha." Chama chaandika habari za nyuki, chapata, chanunua mizinga. Wanachama waliokuja kwa ajili ya vitabu hawaji tena, na waliobaki hawajui nyuki. Baada ya miaka miwili fedha imekwisha, mizinga ni mitupu, na chumba hakikujengwa. Hapo hakuna aliyeiba hata senti, lakini chama kimekufa. Wahenga walikwisha kutuonya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ruzuku itafutwe kwa ajili ya kazi; kazi isitafutwe kwa ajili ya ruzuku.

Hatari ya pili ni kumtegemea mtoaji mmoja, hata kama ni mkubwa na mwaminifu. Jambo hili tumeliona kwa macho yetu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha msaada wa nchi yake kwa nchi za nje kwa siku 90. Tarehe 10 Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai shirika hilo, lililokuwa limedumu tangu mwaka 1961, likakoma kuendesha misaada, na kazi zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Katika Afrika Mashariki vyama vilivyowahudumia wagonjwa vilipunguza watu au vikafunga milango, si kwa sababu hesabu zao zilikuwa mbovu, wala kazi yao haikuwa mbaya. Uamuzi ulifanywa mahali ambapo wao hawana kura. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu hakuwa.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mashauri matatu, ili mkutano uyakubali au uyakatae.

Shauri la kwanza: kila jambo litakalorudi kila mwezi, kama kodi ya chumba, maji, umeme na posho ya mlinzi, lilipwe kwa ada zetu wenyewe, ruzuku iombwe kwa mambo yenye mwisho, kama jengo, meza na vitabu. Na tusiombe jengo ambalo sehemu ya kumi ya gharama yake hatuwezi kuitoa kila mwaka kwa matunzo. Chama chenye wanachama 90, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kila mwezi, hupata shilingi 1,080,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho cha Carnegie, hicho chaweza kutunza nyumba ya shilingi milioni 10. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli ikiwa wote 90 wanalipa. Mweka Hazina yumo humu, nami simwombi asome majina. Kila mtu anajijua.

Shauri la pili: mtoaji mmoja asizidi nusu ya matumizi yetu ya mwaka. Akitaka kutupa zaidi, tumshukuru, na tumwombe aigawe kwa miaka miwili.

Shauri la tatu: wachaguliwe watu watatu wa Daftari la Ruzuku, na ombi lolote lisipelekwe kabla ya mkutano kujibu swali hili: kama fedha hii isingalikuwako, je, tungaliitaka kazi hii? Jibu likiwa ndiyo, tuandike. Likiwa hapana, tuiache ipite, hata kama ni nyingi.

Najua wako watakaosema kwamba njia hii ni ya polepole. Ndiyo, ni ya polepole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini mtoaji ajapo kututazama, ni heri akikute chama kinachotembea akiongezee mwendo, kuliko kukikuta kimeketi njiani kikingoja kubebwa. Chanda chema huvikwa pete. Sisi kazi yetu ni kukitengeneza chanda.

Sasa nayaacha mashauri haya mikononi mwa mkutano.